Mvua Ikija, Nianulie

Baba Njeri amefia kitandani mwake, nyumbani kwake Gatongora, mzee wa meno machache na wajukuu wengi. Njeri aliponipigia simu kunieleza, kabla sijalia nilisema alhamdulillahi, naye akairudia habari, pengine akidhani sikumsikia vizuri. Nilimsikia. Ni vile kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliamka kila asubuhi nikiogopa kwamba mtu yule hatafia kitandani, kwamba atafia Thika mbele ya mlango wa chuma, na mlango wenyewe utakuwa umefunguliwa na maneno niliyoyapiga mimi kwa vidole vyangu. Tulipomzika mwezi uliopita nilisimama nyuma kabisa na mtandio wangu, katikati ya akina mama wa kanisa walioimba kwa Kikuyu, na nilipoona jeneza linashuka polepole kwa kamba, bila haraka na bila kelele, nilijifunika uso kwa mtandio. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia pole. Hakujua kwamba nilikuwa nashukuru.

Mwaka huo ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeajiriwa kama mwanagenzi katika chumba cha kompyuta cha kiwanda cha kusindika vyakula huko Thika. Sitaeleza nilitoka wapi wala nilisomaje. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana pekee katika chumba hicho na kwamba sikumjua mtu mjini. Chumba kilikuwa zamani stoo ya lebo za mikebe, na kuta zake zilinuka gundi. Harufu ya nanasi iliyochemka iliingia kila mahali, hata kwenye nywele, hata kwenye mkate niliobeba. Tulivua viatu mlangoni, maana siku hizo kompyuta iliogopewa vumbi kuliko mtoto mchanga anavyoogopewa baridi, na kila jioni tuliifunika kwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake. Injinia Otieno, aliyekuwa mkubwa wangu, alikuwa na soksi moja iliyotoboka kidole gumba, na kwa miezi nilijifunza programu nikikiangalia kile kidole kwa sababu niliogopa kumwangalia usoni. Hakuwa mkali. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga.

Kazi yetu ilikuwa majiko ya mvuke. Mikebe iliyojazwa iliingizwa ndani ya jiko, mtungi mkubwa wa chuma unaomzidi mtu kimo, mlango ukafungwa kwa komeo, mvuke ukafunguliwa. Mhudumu akabonyeza swichi ya kijani ukutani, karibu kabisa na mlango, na kuanzia hapo kompyuta ndiyo iliyoangalia. Injinia alikuwa ameandika programu moja ndefu aliyoiita mlinzi. Mlinzi alisoma geji, kipimo cha nguvu ya mvuke, bila kuchoka, akangoja chakula kiive, akangoja mvuke utoke wote, sindano ishuke hadi chini kabisa, ndipo avute komeo mlango ufunguke. Mwanzoni kila jiko lilikuwa na mlinzi wake, na ukisahihisha kosa kwa huyu, yule wa pili anabaki nalo. Injinia akachoka. Akaamua mlinzi awe mmoja tu, asiyejua nanasi wala maharagwe wala jiko gani, na kila tunapomwita tunampa pamoja na namba za joto na muda kitu kingine cha ajabu: kazi ya kufanya mwishoni. Si namba, si jina, bali kazi yenyewe, kile kipande kidogo cha programu ambacho vitabu hukiita fanksheni. Mlinzi anaipokea, anakaa nayo, na wakati wake ukifika anaiita.

Nilielewa namba. Namba ukimpa mtu, anayo, basi. Lakini kumpa mtu tendo ambalo halijatendeka, alishike, alitende baadaye wakati wewe hupo! Siku mbili tatu nilikuwa naandika nikifuta. Aliyenisaidia ni Mama Njeri, mke wa Baba Njeri, bila kujua. Nilikuwa nimepanga chumba katika ploti yao Ruiru. Baba Njeri mwenyewe ndiye aliyenitafutia chumba hicho, kwa sababu alikuwa mhudumu wa majiko pale pale kiwandani, ambako walimwita Kamau, na alinionea huruma nilivyokuwa nikiuliza vyumba. Kamba ya nguo ilikuwa moja kwa ploti nzima, na kila nilipofua kabla ya kwenda kazini nilimwambia Mama Njeri mlangoni, mvua ikija, nianulie. Asubuhi moja nilisimama pale pale na beseni mkononi nikaona ndiyo hiyo. Sikumpa nguo. Nilimpa kuanua. Nilipomweleza Injinia alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Sasa umeshika. Na ujue jambo moja, Zuhura. Ukishampa, imetoka mikononi mwako. Hujui ataianua saa ngapi."

Alisema hivyo akifurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yake kwa hofu, kwa sababu aliyesimama mbele ya lile jiko alikuwa mtu ninayekula kwake.

Nilikula kwao karibu kila jioni. Chumba chao cha mbele kilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa kama kompyuta yetu, na kalenda ya kanisa. Mama Njeri alikuwa amenitengea sufuria yangu, ndogo, ya kifuniko chenye kishikio cha mbao, ambayo haikuwahi kugusa nyama wasiyokula watu wa kwetu, na wageni wakiikaribia alipiga kelele, "Hiyo ni ya Zuhura! Wacheni!" Mwezi wa Ramadhani alinipikia uji wa futari akautia ndimu vile nilivyomwonyesha, akaonja, akakunja uso, akasema dini yangu ni ngumu. Nilimpenda. Nilimpenda na mumewe pia, mtu mrefu wa mikono mipana aliyekuwa akivua buti mlangoni kwa mlio mmoja mrefu wa uchovu, na ambaye alikuwa na utani mmoja tu mwaka huo mzima.

"Mama Njeri, unajua nani ananifungulia mlango siku hizi?"

"Nani?"

"Huyu. Mimi nasimama tu hapo kama bwana arusi. Zuhura ananifungulia."

Mama Njeri alicheka, kisha jioni moja hakucheka. Alikuwa akiponda mukimo wa viazi na mahindi, mwiko ukasimama, akauliza kwa ile r yake ya Kikuyu inayokaa mahali pa l. "Rakini Zuhura, hiyo kitu yenu haiwezi kukosea? Juu huyu mtu wangu anasimamanga hapo karibu sana."

"Kuna pini, mama," nikasema. "Hata kompyuta ikikosea, kuna pini ya mkono. Baba Njeri anaitoa mwenyewe."

"Aai, basi ni sawa," akasema, akaendelea kuponda. Niliilalia ile pini kama mto. Ilikuwa kipande cha chuma kinene kama dole gumba, chenye mnyororo, kinachopita katikati ya komeo, na kila nilipopita ukumbi wa majiko nilikiangalia kwanza kabla sijamsalimu mtu.

Halafu nikasikia nilichosikia. Ukuta kati ya chumba chetu na ofisi ya meneja ulikuwa wa mbao nyembamba, na mchana mmoja, Injinia akiwa upande ule na mimi nikiwa na mkate mdomoni, meneja alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuagiza chai, kwamba pini zitolewe. Zilichelewesha kazi. Kompyuta imefanya kazi miezi yote hii bila kosa, pini ni ya nini? Injinia akasema tungoje kwanza, maharagwe hayajapikwa kwa programu mpya, na maharagwe yanataka mvuke mwingi kuliko nanasi. Meneja akasema maharagwe ni ya Jumapili. Injinia akasema, "Jumapili hii?" Kikombe kikagonga sahani. Nilibaki na ule mkate, siwezi kumeza, siwezi kutema.

Injinia aliandika sehemu ya maharagwe haraka, akinisomea niipige, siku hiyo hiyo na kesho yake. Tulikuwa na ubao wa majaribio wenye kitufe cha kuzungusha badala ya geji, na taa nyekundu badala ya komeo. Taa ikiwaka, komeo limevutwa. Tulijaribu nanasi kwanza, kila kitu sawa. Kisha tukaweka maharagwe. Alipobonyeza kuanza nilikuwa nikiiangalia taa, na taa ilikuwa tayari inawaka. Mvuke kwenye kitufe ulikuwa juu kabisa.

"Injinia, taa inawaka."

"Imebaki ya nanasi," akasema. "Hatukuizima."

Kweli hatukuwa tumeizima. Au nilidhani hatukuizima. Nilitaka kusema turudie, lakini meneja aligonga ule ukuta wa mbao kwa ngumi na kuuliza kama tumemaliza, na Injinia akasema tumemaliza, akainama kutafuta viatu vyake.

Jumapili Baba Njeri alitoka kanisani, akavua tai, akavaa buti. Mama Njeri alimfungia chakula chake cha githeri kwenye kopo. "Leo tunapika maharagwe ya kwanza," Baba Njeri aliniambia akipita, "usinifungulie kabla sijaiva!" Akacheka mwenyewe, akaenda. Mimi nilifua. Nilifua hata nguo safi, maana mikono ilikuwa haitulii. Mawingu yalijikusanya upande wa Mwihoko, meusi lakini ya mbali, na upepo haukuwa na harufu ya mvua bado. Niliingia ndani kuswali, na nilipotoka nilimkuta Mama Njeri amesimama mlangoni pangu, amevaa koti la kutokea, na nguo zangu zimekunjwa mikononi mwake, bado zina maji.

"Nimekuanuria kabisa," akasema. "Naenda kuona mgonjwa Kahawa Sukari, nisikuje kusahau. Shika."

Nilishika. Nilisimama na zile nguo mbichi zinanilowesha kifua, na mvua haijaja. Nilitazama kamba tupu. Nguo zimeanuliwa na mvua haijaja. Nilitazama tena, na nikaiona ile taa ya ubao wa majaribio. Haikuwa imebaki ya nanasi. Injinia, kwa ile haraka, hakumpa mlinzi kazi ya kuvuta komeo. Aliifanya kazi yenyewe palepale, komeo likavutwa mwanzoni kabisa, kisha akamkabidhi mlinzi matokeo yake, kama mimi nilivyokabidhiwa nguo hizi. Mlinzi angekaa akingoja sindano ishuke, akiwa na kitu kisicho na kazi tena, na mlango umeshafunguka na mvuke wote uko ndani. Swichi ya kijani ikibonyezwa tu. Na anayeibonyeza anasimama mbele ya mlango. Na pini imetolewa.

"Zuhura? Kwani unaumwa?"

Nilizitupa nguo chini kwenye matope ya maji ya kufulia nikakimbia.

Vibanda vya simu vilikuwa karibu na posta, na kimoja tu kilifanya kazi. Ndani kulikuwa na kijana aliyekuwa akibembeleza msichana, "Sasa si utakuja, eh? Si utakuja?" na nikamtoa. Sikuwa nimewahi kumshika mwanamume asiye ndugu yangu kabla ya siku ile, lakini nilimshika shati nikamvuta nje, naye aliniangalia usoni akaniachia simu. Simu ya ofisi ililia bure. Nikapiga ya geti.

"Geti," sauti ikasema. Alikuwa soja wa zamu, Mutiso, mtu mpole aliyenisalimu kila asubuhi na ambaye sikuwahi kumwambia zaidi ya habari.

"Mutiso, ni Zuhura wa kompyuta. Injinia yuko?"

"Hayuko, madam. Jumapili."

"Kimbia kwa majiko. Mwambie Kamau asibonyeze swichi ya maharagwe. Asibonyeze kabisa! Mlango utafunguka na mvuke!"

"Madam, mimi siwezi kuacha geti. Unajua hiyo ni kufutwa. Lakini akipita hapa kuchukua chai, nitamwambia."

"Akipita? Mutiso, hatapita! Sikiliza, kama hataki kuamini, mwambie asimame kando, mwambie—"

Simu ikakatika. Sarafu za pindo la mtandio wangu zilikuwa zimeisha, na sikuwa na nyingine hata moja, nilikuwa nimetoka bila mkoba wala viatu. Nilibaki nimeshika mkono wa simu unaolia. Nimeogopa mara nyingi tangu wakati huo, nimezaa kwa shida, nimezika wazazi, lakini sijawahi kuogopa namna ile tena. Nilikuwa nimetoa nilichokuwa nacho. Kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na yeye alikuwa amekipa sharti lake: akipita.

Sikumbuki nilifikaje Thika. Nakumbuka mvua ilinipata nikishuka, na nakumbuka geti. Lilikuwa wazi nusu. Kiti cha soja kilikuwa kitupu, kofia yake iko juu ya kiti, na kikombe cha chai kimeanguka. Niliona kile kiti na sikujua kinamaanisha nini, kama ameenda au wamemwita kuja kubeba mtu. Nilikimbia kuelekea ukumbi wa majiko, na kabla sijafika nikaona mvuke unatoka madirishani, mweupe, mzito, na watu wanatoka nje wamefunika nyuso kwa aproni. Nilipiga kelele jina lake. Nilipiga kelele Baba Njeri, Baba Njeri, kama mtoto.

Alikuwa nyuma ya nguzo, amekaa chini, miguu imenyooshwa, ufagio mrefu wa sakafu mkononi. Mutiso alikuwa ameinama karibu yake akikohoa. Mlango wa jiko ulikuwa umegonga ukuta mahali ambapo Baba Njeri husimama kila siku, na saruji ilikuwa imemeguka hapo kwa kimo cha kifua cha mtu. Mikebe ilitapakaa, mingine imepasuka, maharagwe yako kila mahali, na tulipotembea yalipondeka chini ya miguu. Nilimshika mabega, nikamshika uso, nikimtafuta alipoungua. Hakuungua.

"Mimi nilitaka kumfukuza Mutiso," akaniambia baadaye, tukiwa nje chini ya paa, ufagio bado uko mkononi mwake. "Meneja ako hapo ananiharakisha, huyu anakuja ati nisibonyeze. Nikamwuliza, nani ako getini? Akaniambia hakuna mtu. Hakuna mtu! Mutiso huyu, hata akienda haja anaitanga mtu wa kusimama. Hapo nikajua si mchezo. Lakini meneja hakutaka kungoja, so nikachukua ufagio, nikabonyezea mbali."

Nilimwuliza Mutiso kwa nini alienda. Aliangalia kofia yake. "Ni sauti yako, madam. Iliingia kwa tumbo. Nilikaa nayo hapo kwa kiti mpaka nikashindwa."

Pini zilirudishwa kesho yake, na Injinia alibadilisha mstari mmoja, akakaa mbele ya kompyuta mpaka chai ikapoa, kisha akaniomba nisome programu yote tangu mwanzo, kila neno, na nikiona taa inawaka nimpigie kelele. Mutiso alifutwa kazi kwa kuacha geti. Injinia alienda kumtetea kwa meneja, nikamsikia kupitia ule ukuta wa mbao, na haikusaidia. Sikujua alikoenda, na hilo bado linaniuma.

Jioni ile ya Jumapili Baba Njeri alimweleza mkewe yote, mimi nimeketi pale na leso ya kuazima, nguo zangu zikiwa zimefuliwa upya na Mama Njeri bila kuuliza. Alisikiliza akiwa amesimama. Alipakua chakula changu kutoka kwa ile sufuria ndogo, akaniwekea mbele, kisha akaketi.

"Kuanzia sasa," akasema, "nguo zako nitaanua mvua ikianza. Si mbere."

Baba Njeri ndiye aliyecheka wa kwanza. Tulicheka mpaka Njeri, wakati huo bado mtoto, akaamka. Mshahara wangu uliofuata nilimnunulia Mama Njeri leso, nyekundu na nyeupe, na akasema ni nzuri mno ya kuvaa, akaifungia sandukuni.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote. Vijana ninaofanya kazi nao sasa hukabidhi fanksheni kwa fanksheni siku nzima bila kufikiria, na wako sawa, ndivyo kazi ilivyo, programu zote za dunia siku hizi zimejengwa kwa kuambiana jambo hili likitokea fanya lile. Mimi nikifika mahali hapo kidole changu husimama. Huwa najiuliza kama nimempa kuanua au nimempa nguo. Wananiita mama wa pole pole, na sijawahi kuwaeleza kwa nini.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kwenda, Mama Njeri alituma niitwe. Alikuwa chumbani, ameketi kwenye kitanda kile alichofia mumewe, mdogo kuliko ninavyomkumbuka. Alikuwa na kitu mapajani. Ilikuwa ile leso, bado ina mikunjo ya dukani.

"Hawa watoto watataka kunifunika na vitu za maua ya plastiki," akasema. "Siku yangu ikifika, wewe kuja unifunike na hii. Wewe, si mtu mwingine. Njeri atakupigia simu."

"Mama, usiseme hivyo. Bado."

"Nimesema siku ikifika. Kwani nimesema reo?" Akaniwekea mikononi, akaifunika kwa viganja vyake viwili, akanikazia macho. "Umeshika?"

"Nimeshika, mama."

Iko kabatini kwangu, rafu ya juu. Njeri hunipigia mara kwa mara, ni mtu wa kujali, mara nyingi ni salamu tu au kuniuliza dawa ya presha. Nikiona jina lake kwenye simu siwezi kuipokea mara moja. Ninaiacha ilie kidogo kwanza.